Diski ya kasi na mashimo ya Rubaya

Vijana wetu wanaojiundia odinatere za mezani, kipande kwa kipande, wanabishana siku hizi juu ya jambo moja: diski gani ya kuweka ndani? Ile diski dure ya kuzunguka, karibu wote wamekwisha kuiacha. Ubishi uko juu ya SSD. Ya SATA ao ya NVMe? Kizazi cha tatu, cha ine ao cha tano?

Ubishi huo si mubaya, na hesabu zake ziko wazi. SSD ya SATA haipiti megabaiti 600 kwa sekunde. Kwa kazi ya kweli inafika 550 hivi. NVMe ya kizazi cha tatu inafika karibu 3,500, ya kizazi cha ine karibu 7,000, na ya kizazi cha tano inaweza kufika 14,000. Lakini mwenye sekretariati anayechapa barua, ao mwenye duka anayeweka hesabu, hataona tofauti kati ya 3,500 na 14,000. Tofauti anayoiona kwa macho ni ile ya kuacha diski ya kuzunguka na kuingia SSD yoyote nzuri. Kisha hapo, pesa inayobaki aiweke kwenye ukubwa wa diski, na kwenye onduleri ya kushikilia mashini wakati umeme unakatika. Kwetu umeme unakatika bila hodi.

Na hapa kwenye umeme njo tunataka kusimama kidogo. SSD ikiwa inaandika, sehemu ya data inakuwa ingali njiani. Umeme ukikatika, data hiyo inaweza kupotea. Kwa sababu hiyo diski za gali, zile za benki na za vituo vikubwa vya data, zimewekwa vihifadhi vidogo vya umeme vinavyoipa diski muda wa kumaliza kuandika. Vingi vya vihifadhi hivyo vinatengenezwa kwa tantali. Tantali inatoka katika koltani. Na koltani nyingi inatoka Rubaya, katika teritware ya Masisi, kwenye vilima ambako wakrezeri wanachimba kwa pau na nyundo, na wanakijiji wengi hawajawasha hata balbu moja ya umeme wa serikali.

Rubaya peke yake inahesabiwa kutoa karibu asilimia 15 ya tantali ya dunia. Ukivuka kwenda Walikale, kuna Bisie, mgodi wa bati uliotoa zaidi ya tani 17,000 mwaka 2024. Bati njo inayoshikisha vipande vyote juu ya kadi ya diski. Tangu Ulaya ilipokataza risasi katika vifaa vya elektroniki, mwezi wa saba 2006, soda ya kuunganishia imekuwa karibu bati tupu. Kwa hiyo hakuna SSD isiyokuwa na bati, iwe ya bei ya chini ao ya juu.

Sasa tuangalie kilichotokea. Mwisho wa mwezi wa ine 2024, M23 iliingia Rubaya. Wataalamu wa Umoja wa Mataifa waliandika kwamba zaidi ya tani 100 za koltani zilikuwa zinavuka kwenda Rwanda kila mwezi, zikichanganywa na koltani ya kule, na kwamba waasi wanatoza kodi juu yake. Mwezi wa tatu 2025 vita ilifika Walikale-centre, na kampuni ya Bisie ikasimamisha kazi mpaka mwezi uliofuata. Kwenye karatoni ya diski hakuna kilichobadilika. Iliendelea kuandika kasi, ukubwa na miaka ya garanti.

Wengine watasema: basi wanunuzi wakatae. Sisi tunapinga. Kutoka mwezi wa tisa 2010 mpaka mwezi wa tatu 2011, serikali ilifunga uchimbaji wa mikono katika Kivu zote mbili na Maniema. Wenye silaha hawakutoweka. Waliokosa chakula na pesa ya shule ni wakrezeri na watoto wao. Mwezi wa pili 2025 tena, wizara ya Migodi iliweka vituo vya Masisi katika rangi nyekundu. Rangi hiyo iko kwenye karatasi. Mizigo inajua njia zake usiku.

Sheria ya Marekani ya 2010, na ile ya Ulaya inayotumika tangu 2021, zinawauliza wafanyabiashara madini yao yanatoka wapi. Ni vizuri. Lakini jibu linatolewa katika ripoti ndefu ambazo mnunuzi hazioni, na swali halifiki kwa yule aliye ndani ya shimo: analipwa ngapi kwa kilo, na nani anamkata kodi barabarani?

Tunaomba mambo mawili. Kwa watengenezaji wa diski: andikeni juu ya karatoni, pembeni ya ile namba ya kasi, kiwanda kilichosafisha tantali na bati yenu. Kama mnaweza kupima sehemu ya elfu ya sekunde, hamshindwi na hiyo. Kwa serikali yetu: siku amani itarudi Masisi, bei ya kilo ya koltani itangazwe kila juma, redioni na sokoni, ili mkrezeri asidanganywe na kila anayekuja na mizani yake.

Na kwa vijana wetu: nunueni diski inayotosha kazi yenu, muilinde na umeme, itumike miaka mingi. Kuna watu waliteremka chini ya udongo kwa ajili yake, na katika majira ya mvua si wote wanaopanda tena.