Barua ya Wazi kwa Waziri wa Afya wa Tanzania: Wanafunzi wa Tiba Kazi na Watu Waliotengwa



Tiba kazi, yaani taaluma ya afya inayomwezesha mtu mwenye ulemavu, maradhi au majeraha kushiriki katika shughuli za maisha yake, kuanzia kula na kuvaa hadi kusoma, kulima na kuhudhuria ibada, imefundishwa kwa miaka mingi katika hospitali ya rufaa ya KCMC mjini Moshi. Mafunzo yake kwa vitendo yanapofungiwa hospitalini, mwanafunzi humfahamu mgonjwa aliyeweza kufika, asimfahamu yule ambaye umaskini, umbali na aibu ya familia vimemzuia hata kutoka nje ya nyumba.

Kutengwa kijamii, kwa maana inayokusudiwa hapa, ni mtu kuondolewa hatua kwa hatua katika mambo ambayo wenzake huyafanya bila kuomba ruhusa. Mtoto mwenye mtindio wa ubongo, yaani athari ya kudumu ya ubongo ulioumia kabla ya kuzaliwa, wakati wa kuzaliwa au muda mfupi baadaye, inayovuruga udhibiti wa misuli, anaweza kubaki mkekani kwa miaka kwa sababu hakuna kiti kinachomfaa, choo cha shule hakiingiliki, mama ameachiwa mzigo peke yake, na majirani wameshaamua kwamba mtoto huyo ni mkosi. Mazoezi ya viungo peke yake hayagusi hata kimoja kati ya vizuizi hivyo. Inahitajika kazi ya subira: kukaa na wazazi, mwalimu mkuu na mwenyekiti wa kijiji, kumwelekeza seremala wa hapohapo namna ya kuunda kiti, au kukiunda kwa maboksi na karatasi zilizogandishwa kwa uji wa unga, mbinu iliyokwisha kutumika katika nchi kadhaa za Afrika, na baadaye, kwa vijana wenye ulemavu, kuandaa maombi ya mikopo ya halmashauri, ambamo asilimia 2 ya mapato ya ndani huwekwa kwa ajili ya watu wenye ulemavu.

Katika kuwapeleka wanafunzi vijijini kwa kazi hiyo, ipo hatari isiyopaswa kufichwa. Wanafunzi wanaokaa kijijini wiki chache, wakaorodhesha matatizo na kuondoka, huwavunja moyo watu waliokwisha kuvunjwa moyo mara nyingi. Shirikisho la Dunia la Wataalamu wa Tiba Kazi linataka kila mwanafunzi apate angalau saa 1,000 za mafunzo kwa vitendo, lakini saa hizo zitawafaa wanakijiji pale tu watakapokuwa wao wenyewe wameamua kazi ianzie wapi.

Kwa hiyo Wizara inaombwa, pamoja na TAMISEMI, inayosimamia serikali za mitaa, na vyuo, itoe mwongozo utakaohakikisha kwamba vijiji vilevile vinapokea wanafunzi mwaka hadi mwaka, kwamba kamati za watu wenye ulemavu zinazotajwa katika Sheria ya Watu wenye Ulemavu ya mwaka 2010 ndizo zinazopanga vipaumbele, na kwamba wahudumu wa afya ngazi ya jamii wanaiendeleza kazi baada ya wanafunzi kurejea chuoni. Aidha, halmashauri zipewe nafasi za ajira za wataalamu wa tiba kazi, kwa kuwa mwanafunzi asiye na msimamizi wa karibu hujifunza kubahatisha juu ya maisha ya watu. Na pale ambapo mtaalamu huyo tayari yupo, utaratibu huu unaweza kuanza bila kusubiri bajeti mpya.