Likasi: Ekografi ikisema mtoto ni mdogo, ni mdogo kwa kipimo gani?

Mjini Likasi, kama pengine jimboni Haut-Katanga, mama mwenye mimba anaweza kutoka kwenye ekografi na karatasi inayosema mtoto ni mdogo kuliko umri wake. Neno hilo ni zito. Linaweza kumfanya apelekwe Lubumbashi, karibu kilometa 120, na familia ikope pesa za gari na za operesheni. Lisipotamkwa pale linapohitajika, mtoto anaweza kufia tumboni bila mtu kujua kwamba alikuwa ameacha kukua.

Mashine yenyewe haijui nani ni mdogo. Inapima kichwa, tumbo na mfupa wa paja, kisha vipimo vinalinganishwa na chati. Kwa kawaida mtoto huitwa mdogo akiwa kati ya 10 wa chini katika kila watoto 100 wa umri huohuo wa mimba. Lakini watoto 100 wa wapi?

Kwa miaka mingi mashine nyingi zimetumia hesabu za Hadlock na wenzake, zilizotengenezwa Texas, Marekani, miaka ya 1980. Mwaka 2014 zilitoka chati za mradi wa INTERGROWTH-21st, ulioongozwa kutoka Oxford na kufuatilia wanawake zaidi ya 4,000 wenye afya na lishe nzuri katika nchi 8, Kenya ikiwemo. Mwaka 2017 Shirika la Afya Duniani, OMS, likatoa chati zake kutoka nchi 10. Kongo ilikuwemo: wanawake wa Kinshasa walipimwa.

Wapo wanaosema chati za kimataifa hazitufai, kwani watoto wetu ni wadogo kwa asili. Kuna ukweli kidogo hapo: utafiti wa OMS wenyewe uliona tofauti kati ya nchi. Lakini hoja hiyo ni ya hatari. INTERGROWTH-21st ilionyesha kwamba mama akila vizuri, akiwa na afya na akiishi mbali na uchafuzi, watoto wa mabara mbalimbali hukua karibu sawa. Malaria, upungufu wa damu na tansiyo ya juu humzuia mtoto kukua. Tena Likasi ni mji wa shaba na kobalti. Utafiti wa Lubumbashi uliotolewa mwaka 2020 ulihusisha kazi ya baba katika madini na hatari kubwa zaidi ya mtoto kuzaliwa na kasoro. Haukuhusu ukubwa wa mtoto, lakini unatosha kutuonya tusikimbilie kusema "ni asili yetu". Kutengeneza chati kwa mama wenye njaa na malaria ni kuuita ugonjwa hali ya kawaida.

Mambo matatu yanawezekana. Kwanza, hospitali na vituo vya afya vya Likasi, Kikula, Panda na Shituru vikubaliane chati moja, na jina lake liandikwe kwenye kila karatasi, ili daktari wa Lubumbashi ajue anasoma nini. Ile ya OMS ina sababu nzuri, maana mama wa Kongo wamo ndani yake.

Pili, ekografi ya kwanza ifanywe kabla ya wiki 24, kama OMS inavyoshauri tangu 2016. Umri wa mimba ukikosewa, hakuna chati itakayosema kweli. Kwa hiyo bei yake iwe ile ambayo mke wa mchimbaji anaweza kulipa.

Tatu, kipimo kimoja kisitoshe kumhukumu mtoto. Mama apimwe tansiyo na malaria, kisha arudi baada ya wiki mbili au tatu. Mtoto mdogo anayeendelea kukua si sawa na yule aliyesimama.

Kukubaliana chati hakuhitaji mashine mpya. Kunahitaji wakuu wa afya wa mji wakae pamoja, waamue, na uamuzi huo ufike hadi kwa muuguzi anayeandika karatasi ya mama.