Helmeti mbili kwa kila boda
Njia ya kutoka Nakivale kwenda Mbarara tunaijua: vumbi, abiria wawili nyuma, gunia la mahindi mbele, na helmeti ya dereva inaning'inia tu kwenye usukani. Sheria ya Uganda inataka dereva na abiria wote wavae. Halafu wengi wetu tulijifunza pikipiki Kongo au Burundi, kule tunashika kulia. Hapa ni kushoto, na ukishtuka kwenye kona, mkono unarudi kwenye mazoea. Jamani mashirika, mkimpa kijana boda ya kuanzia kazi, mpeni na helmeti mbili, na siku chache za kujifunza barabara za hapa. Na ninyi abiria, daini helmeti kabla hamjapanda.