Nani Kasema Bikizee ni wa Kuhurumiwa Tu?

Mwaka jana nilipeleka hadithi yangu kwa mhariri mmoja. Simtaji jina, maana bado natafuta riziki. Hadithi ilimhusu bibi anayepoteza kumbukumbu na mjukuu anayelala naye chumba kimoja. Bibi anakula wali wake, anamaliza, anafuta mdomo kwa pindo la khanga. Wageni wakibisha hodi tu, anaanza kulia kwamba tangu asubuhi hajatia hata tone la maji mdomoni. Wageni wanamkata mjukuu jicho. Bibi anapakuliwa tena. Mhariri aliirudisha hadithi na kalamu nyekundu pembeni: ondoa mzaha, ugonjwa wa mzee si jambo la kuchekesha.

Sikuondoa. Na leo namjibu, yeye na wote wanaofikiri kama yeye, wakiwemo baadhi yenu mnaosoma ukurasa huu na kujiita waandishi. Shahidi wangu simtoi Manzese wala Magomeni. Namtoa mbali kabisa, Australia. Jina lake Ruth Cracknell.

Nani huyo? Nilijua mtauliza, hata mimi niliuliza. Kaka mmoja wa mtaani kwetu aliyerudi kutoka masomoni huko ndiye aliyenifungulia kwenye kompyuta yake sehemu kadhaa za mchezo wa televisheni uitwao Mother and Son. Kiingereza chao kinapita puani, nusu nzima ilinipita. Lakini nilicheka mpaka mama mwenye nyumba akagonga ukuta. Usiku nilipolala sikucheka tena. Nilikuwa namwaza bibi yangu.

Mchezo wenyewe hauna mabomu wala mapenzi ya ufukweni. Kuna bikizee mjane, Maggie Beare, kumbukumbu zinamtoka kama maji kwenye pakacha. Mwanawe Arthur, mwandishi wa habari, ndoa imemshinda, anaishi na mama yake na ndiye anayemtunza. Ndiye anayetafuta miwani, anayezima jiko, anayeomba radhi kwa majirani. Halafu kuna mwana wa pili, Robert, daktari wa meno. Robert ana mke, ana fedha, ana sababu za kutokuja. Sasa we niambie, mama anampenda nani? Robert! Arthur anayekesha hapati hata asante. Kuna ukoo gani usio na Robert wake? Mwaka mzima humwoni, siku ya msiba ndiye mwenye suti, ndiye anayesoma wasifu wa marehemu kwa sauti ya kutetemeka.

Aliyeandika mchezo huo ni Geoffrey Atherden, na shirika la utangazaji la taifa la Australia, ABC, liliurusha kuanzia 1984 mpaka 1994. Miaka kumi. Mnadhani zilitoka sehemu ngapi? Arobaini na mbili tu, yaani kwa wastani nne kwa mwaka. Siku hizi kuna watu wanarekodi 42 kabla mvua za vuli hazijaisha, halafu wanashangaa mbona hakuna anayekumbuka hata moja.

Sasa nifike kwenye kiini. Maggie Beare anasahau kweli, si maigizo. Anasahau siku, anasahau nani kafa, anasahau alichoambiwa sasa hivi. Lakini ndani ya kusahau huko mna akili moja kali inayofanya kazi usiku na mchana: Arthur asiondoke. Arthur akipata rafiki wa kike, mama anapata dharura. Arthur akifunga mizigo ya kwenda kupumzika, mama anadhoofika ghafla. Akikasirika, mama anakuwa mtoto mdogo, macho yanajaa machozi, na mwana mzima mwenye mvi zinazoanza anajiona muuaji. Wewe mtazamaji unabaki unajiuliza: hivi amesahau au amenichezea? Wapi ugonjwa unaishia, wapi ujanja unaanzia? Cracknell hakujibu swali hilo. Hakukonyeza hata mara moja kutuambia kwamba anatania. Ndiyo maana tunacheka, na ndiyo maana tukishacheka tunaona haya.

Nendeni basi mkaone anavyoigizwa mzee kwenye majukwaa yetu ya vijana. Kijana wa miaka ishirini na mbili anajipaka unga wa ngano kichwani, anashika bakora, mgongo unakunjwa kama ndoano, sauti inatetemeka, kikohozi hakiishi. Watu wanacheka, sawa. Wanacheka unga. Na kwenye hadithi zetu ni hayo hayo kwa kalamu: bikizee ama mchawi, ama mtambaji wa hadithi kando ya moto, ama maiti ya kuanzia sura ya kwanza. Hana hila, hana choyo, hana kipenzi kati ya wanawe, hataki kitu. Kigoda kina maisha kuliko yeye.

Cracknell hakuhitaji unga. Mchezo ulipoanza Januari 1984 alikuwa na miaka 58, na Garry McDonald aliyeigiza mwanawe alikuwa na 35. Si kongwe wa kubebwa. Uzee wa Maggie aliutengeneza kwa vitu vidogo: kichwa kinachogeuka kwa kuchelewa, sentensi inayoanza kwa uhakika na kuishia porini, na kimya. Hicho kimya ndicho nataka mkisikilize mkipata bahati. Anaulizwa swali, hajibu, unamwona anatafuta, na kabla hujamwonea huruma anajibu swali jingine kabisa linalomchoma Arthur penyewe.

Alikitoa wapi kimya hicho? Hapo ndipo wenzangu wenye haraka ya umaarufu huwa wanaanza kuangalia saa. Alikitoa kazini. Alizaliwa 1925 Maitland, huko New South Wales, akakulia Sydney, na katikati ya miaka ya 1940 alikuwa tayari anaigiza redioni. Redioni huna uso. Huna unga, huna bakora. Una sauti na una mapumziko kati ya neno na neno, basi. Ukichelewa nusu sekunde msikilizaji anadhani mitambo imeharibika. Ukiwahi nusu sekunde kichekesho kimekufa. Kisha akaingia kwenye vichekesho vya jukwaani vya Phillip Street pale Sydney, vile vya nyimbo na vijimchezo vya kuwadhihaki wakubwa, ambako ukikosea unalisikia kosa lako papo hapo: ukumbi unanyamaza. Humo humo akaolewa, akazaa watoto watatu, akaendelea. Hesabuni wenyewe kutoka redio ya miaka ya arobaini mpaka 1984. Karibu miaka arobaini kabla ya Maggie! Sisi hadithi ya pili ikikataliwa tunasema nchi hii haina wasomaji.

Wale wa kijiwe cha pili, wanaosema kichekesho si fasihi ila ni kazi ya kupitisha muda, nao nina neno nao. Patrick White mnamheshimu, si ndiyo? Nobeli ya fasihi ya 1973, hapo hakuna ubishi. White aliandika filamu iitwayo The Night the Prowler, Jim Sharman akaiongoza, ikatoka 1978. Humo mama mwenye kujifanya bora, mwenye nyumba safi na moyo uliokauka, ameigizwa na nani? Na huyo huyo mchekeshaji wenu wa kupitisha muda. Mwaka huo huo wa 1978 akaonekana katika The Chant of Jimmie Blacksmith, filamu iliyotokana na riwaya ya Thomas Keneally, juu ya kijana mwenye damu ya wenyeji asilia wa nchi ile anayedhulumiwa na wazungu mpaka anashika shoka. Cracknell ni mke wa mmoja wa matajiri wanaomdhulumu. Hakuna mtu anayecheka hapo. Miaka kumi baadaye, 1988, akiwa bado ni Maggie wa televisheni, akapanda jukwaani na kundi la Melbourne Theatre Company kuwa Lady Bracknell katika mchezo wa Oscar Wilde. Cracknell kwa Bracknell, kama vile jina lilimngoja.

Na mwaka 1996, miaka sabini imetimia, akawa Lilian katika filamu ya Lilian's Story, iliyotokana na riwaya ya Kate Grenville: mwanamke aliyefungiwa miaka mingi katika hospitali ya vichaa, anatoka mzee, anazurura Sydney akiwakariria watu Shakespeare. Riwaya hiyo imechota kwa mwanamke wa kweli, Bea Miles, ambaye mji mzima wa Sydney ulimjua kwa kuzurura na kukariri. Mtazame Lilian, halafu mrudie Maggie. Wote wawili dunia inawaona wamepungukiwa. Mmoja anakuliza, mmoja anakuchekesha, na aliyewaigiza hakutumia moyo mwingine kwa huyu na mwingine kwa yule.

Sasa turudi kwa mhariri wangu na kalamu yake nyekundu. Kumcheka mgonjwa, anasema, ni kumdhalilisha. Mzee wangu, uliangalia nani anachekwa? Katika Mother and Son anayechekwa zaidi ni Arthur na uvumilivu wake wenye kiburi. Anachekwa Robert na mikono yake misafi. Maggie ndiye anayeshinda karibu kila mara. Anayemdhalilisha mzee ni yule anayemwandika kama gunia la huruma, halina meno, halina hila, halijui hata kudai kipande cha nyama. Na kwetu sisi, tangu lini mjukuu akakatazwa kumtania bibi yake? Utani huo tumerithi. Bibi yangu huniita mume wake, ananilalamikia mbele za watu kwamba simnunulii khanga. Siku hizi ananiita kwa jina la mjomba wangu aliyefariki, na siku nyingine simrekebishi. Lakini utani haujasahaulika. Majina yamekwenda, utani umebaki. Mnataka nimwandike huyo bila kicheko? Nitakuwa nimeandika bibi wa mtu mwingine.

Sisemi mchezo ule hauna doa. Wanawake wanaompenda Arthur wanaingia na kutoka kama abiria wa daladala, na mke wa Robert ningependa kumwona siku moja akisemewa yaliyo moyoni mwake. Kuna kazi pale iliyoachwa.

Wala msidhani Cracknell mwenyewe alichukulia uuguzi kama utani. Mwaka 1998 alisafiri na mumewe hadi Venice, mumewe akaugua huko huko ugenini, na mwaka huo huo akafariki. Aliandika juu ya siku zile kitabu kiitwacho Journey from Venice, kikatoka 2000. Mwanamke aliyetuchekesha miaka kumi akiwa mtunzwaji, akakaa kando ya kitanda akiwa mtunzaji, kisha akashika kalamu. Tayari mwaka 1997 alikuwa ameshaandika maisha yake katika A Biased Memoir. Waandishi, mnasikia? Kazi yetu pia aliifanya.

Na heshima alizipata? Hapa damu yangu inachemka kidogo. Tuzo za televisheni za Australia, zile za Logie, zilianzisha orodha ya magwiji wake mwaka 1984, mwaka ule ule Maggie alioingia majumbani mwa watu. Wakawa wanaingia wanaume, mwanamume juu ya mwanamume. Mwanamke wa kwanza kabisa kuingizwa alikuwa Ruth Cracknell, 2001. Miaka kumi na saba! Mwezi Mei 2002 akafariki mjini Sydney, akiwa na miaka 76. Wangechelewa kidogo tu zaidi wangemkabidhi kaburi. Mkadhani basi wamejifunza. Thubutu! Mwanamke wa pili, Noni Hazlehurst, aliingia 2016. Miaka kumi na mitano mingine. Kwa hiyo mhariri wangu asijione peke yake. Ugonjwa wa kuwachekea wanawake wazee kisha kuwasahau upo hata kwa wenye televisheni nyingi kuliko sisi.

Mwaka 2023 ABC waliurudisha mchezo upya. Maggie akawa Denise Scott, mchekeshaji mwanamke wa siku nyingi, na Arthur akawa Matt Okine, mchekeshaji ambaye baba yake ni Mghana. Nimeona vipande tu, sitatoa hukumu. Ila nilipenda kwamba hawakutafuta msichana wakampaka unga.

Hadithi yangu nimeiandika upya. Mzaha sikuutoa, nimeuongeza. Sasa bibi anapakuliwa mara tatu, na ile mara ya tatu anafika mjomba wa mjini na mkate mmoja mkononi, bibi anafuta machozi, anamwambia mbele ya mjukuu: wewe peke yako ndiye unayenikumbuka. Jumatatu nilipeleka bahasha mwenyewe, kwa mhariri yule yule. Karani aliuliza kama ni ile ya bibi. Nikamwambia ndiyo, ni ile ya bibi.