Mambo ya Nyumbani: Jamaa Waendao Kulala Milimani Wakati wa Baridi



Mwezi wa Juni ukiisha kuingia, huku kwetu Mgwashi ukungu hulala juu ya migomba hata saa nne ya asubuhi, na watoto waendao shule husikika sauti zao kabla hawajaonekana. Hicho ndicho kipupwe, nacho hukaa nasi hata Agosti. Tangu zamani Washambaa wameigawa nchi sehemu mbili: Shambaai, yaani milimani penye mvua na migomba, na nyika, yaani bondeni penye joto. Mtu wa nyika hakupenda kupanda huku wakati wa baridi, ila awe na haja. Siku hizi mambo yamegeuka. Shule zikifungwa katikati ya mwaka, twaona mabasi na motokaa zikipanda kutoka Mombo zimechukua jamaa wazima, baba na mama na watoto, pengine na bibi yao pia, watokao Tanga na Dar es Salaam. Hawaji kwa msiba wala kwa arusi. Waja kulala hotelini siku tatu au nne ili waionje baridi.

Wako wanaouliza: Je, ni busara mtu kutoa fedha zake ili atetemeke? Twajibu kwamba laweza kuwa jambo jema sana, wala si anasa tu, mradi watu wajue wanakokwenda, wajue kujilinda, tena wawajali wenyeji wao. Hayo matatu ndiyo maneno yetu ya mwezi huu.

Jambo lenyewe si geni kabisa. Wajerumani walipoitawala nchi hii waliupa mji wa Lushoto jina la Wilhelmsthal kwa heshima ya mfalme wao, na wale waliochoshwa na joto na homa za pwani walipenda kupanda huku wapumzike. Reli kutoka Tanga ilifika Mombo mwaka wa 1905. Kutoka Mombo mtu hupanda kwa barabara ya kona nyingi, kadiri ya kilomita 33, akipita Soni penye maporomoko ya maji. Lushoto ni mita 1,400 hivi juu ya bahari. Kila mtu apandapo mita 1,000, joto hupungua kadiri ya digrii 6; ndiyo sababu aliyetoka Mombo akifuta jasho hufika juu akitafuta sweta. Lakini mapumziko yale ya zamani yalikuwa ya wakubwa. Leo karani, mwalimu na mwenye duka aweza kuja pamoja na watoto wake, nasi twalifurahia.

Na Ulaya vilevile mambo yaligeuka. Huko Uswisi kuna mji wa milimani uitwao St. Moritz. Zamani wageni walikwenda huko wakati wa joto tu. Baridi ilipokaribia walifunga mizigo yao. Husimuliwa kwamba mwaka wa 1864 mwenye hoteli mmoja, Johannes Badrutt, aliwaambia wageni wake Waingereza warudi wakati wa baridi, na kama hawatapendezwa yeye atawalipia gharama ya safari. Wakarudi, wakapendezwa, wakakaa muda mrefu. Tangu siku zile desturi imeenea: jamaa huenda milimani makusudi wakati wa theluji, huteleza juu yake kwa vibao virefu vilivyofungwa miguuni, na jioni hurudi hotelini kuota moto. Mji ule ukaja kupokea michezo ya Olimpiki ya majira ya baridi mara mbili, mwaka wa 1928 na mwaka wa 1948.

Kwetu Usambara hapana theluji. Vilele vyetu havizidi sana mita 2,300. Mwenye kutaka kuona theluji na atazame Kilimanjaro, wenye mita 5,895. Walakini yako mambo tunayofanana na Uswisi: majira yaliyokimbiwa yamekuwa majira ya wageni. Tena liko jambo tusilofanana, nalo ni kubwa. Hoteli za kule zimejengwa kwa ajili ya baridi, zina kuta nene, na moto wake una bomba la kuutoa moshi nje. Nyumba nyingi za wageni za huku hazina meko chumbani wala bomba la moshi. Mgeni hupewa blanketi mbili, naye hushangaa usiku. Ndipo hatari huanza, kama tutakavyoeleza.

Neno la kwanza: jueni mnakokwenda. Msipande na nguo za pwani mkitumaini kanga moja. Kila mtoto awe na sweta, soksi nzito mbili, kofia ya kufunika masikio, na viatu visivyopitisha maji, maana manyunyu ya Julai hayana wakati wake. Nguo za kulalia ziwe kavu. Nguo yenye unyevu huiba joto la mwili usiku kucha. Ulizeni kabla ya kulipa: Je, yako maji ya moto? Ziko blanketi za kutosha? Dirisha lafunga na kufunguka? Chandarua msikiache, mbu ni wachache kuliko nyikani, lakini wapo, na malaria haikatazwi na mlima. Wala msikope fedha kwa ajili ya safari hii. Aliye na shangazi Bumbuli au Soni na akae kwa shangazi, amletee sukari na mchele. Baridi ni ile ile, na chakula chaweza kuwa kitamu zaidi.

Mkifika, tembeeni mchana jua litokapo. Nendeni Irente, mwendo mfupi kutoka Lushoto, mahali mlima ukatikapo ghafula, na nyika yote huonekana chini, hata nyumba za Mazinde kama punje za mahindi. Nendeni msitu wa Magamba mkaone miti mikubwa. Ila mwende kwa mwendo wa aliye mdogo. Hapa twakumbuka habari ya Philip Boit wa Kenya, mkimbiaji aliyejifunza kwenda juu ya theluji kwa vile vibao, akashindana katika Olimpiki ya Nagano, Japani, mwaka wa 1998. Katika mwendo wa kilomita 10 alifika wa mwisho, wa 92. Mshindi, Bjørn Dæhlie wa Norwei, hakuondoka. Alimngoja kwenye baridi hata akafika, akamkumbatia. Baadaye Boit alimpa mtoto wake jina la Dæhlie. Baba atanguliaye mbele kwa hatua ndefu, akiwaacha mama na mtoto nyuma wakihema, na aikumbuke habari hiyo.

Neno la pili, nalo ndilo tunalowasihi mlisome mara mbili: mkaa usiingie chumbani mwa kulala.

Mwaka mmoja jamaa wa pwani walipanda mwezi wa Julai, baba na mama, watoto watatu, na mama mzaa baba. Walikodi chumba kikubwa kimoja. Usiku wa pili baridi ilizidi, baba akaomba jiko la mkaa. Mkaa ulikuwa umeshika vizuri, mwekundu, hauna moshi hata kidogo. Wakaliweka katikati ya chumba, wakafunga mlango na dirisha, wakaziba na upenyo wa chini kwa taulo. Bibi hakupenda. Alisema kwao moto haulali ndani na watu. Mwanawe akamjibu kwamba kisicho na moshi hakina madhara. Yule mama hakubishana. Alivuta godoro lake akalala karibu na mlango. Usiku wa manane akaamka kichwa kikimgonga kama nyundo, na moyo ukimchafuka. Akaita, hapana aliyeitika. Akatambaa, akaondoa taulo, akafungua mlango, akapiga kelele. Watu wakaja wakawatoa nje wote. Mtoto mdogo alikuwa amelegea kama nguo iliyolowa. Walipelekwa hospitali usiku ule ule, nao kwa rehema wakapona wote sita. Wako wasiopona.

Yafaa kila nyumba ielewe sababu, na walimu waifundishe darasani. Mkaa uwakapo hutoa hewa iitwayo kaboni monoksaidi. Haina rangi, haina harufu, haiwashi macho. Moshi ni adui apigaye hodi. Hewa hii haipigi hodi. Mtu akiivuta, huingia katika damu na kushika mahali pa oksijeni, nayo hushika kwa nguvu nyingi kuliko oksijeni yenyewe. Basi mtu huvuta pumzi kama kawaida, lakini mwili wake unakosa hewa ya uhai. Dalili zake ni kichwa kuuma, kizunguzungu, kichefuchefu, miguu kuwa mizito, kisha usingizi. Kwa kuwa usingizi huja katika dalili hizo, aliyelala hajui kwamba anakufa. Watoto na wanawake wenye mimba huumia zaidi. Tena msidanganyike na makaa yaliyofifia chini ya majivu. Nayo hutoa hewa ile ile.

Mkimkuta mtu katika hali hiyo, mtoeni nje upesi penye hewa safi. Fungueni milango na madirisha, ila ninyi wenyewe msikawie ndani. Kisha mpelekeni hospitali hata kama ameamka na kusema hajambo. Lushoto iko hospitali, na Bumbuli iko.

Mtaotaje basi? Oteni moto nje barazani kabla ya kulala, na jiko libaki nje. Tieni maji ya moto katika chupa, mfunge sana, mzungushie kitambaa nene, mwiweke miguuni mwa mtoto. Kunyweni uji wa moto au chai ya tangawizi. Watoto walale pamoja, na blanketi zote ziwe juu yao. Ombeni blanketi nyingine bila haya. Mwenye nyumba mwema hafadhaiki kuombwa blanketi, bali hufadhaika akiombwa jiko.

Neno la tatu: wajalini wenyeji. Baridi ambayo mgeni huilipia siku nne, mwenyeji huwa nayo miezi mitatu, wala hakuiomba. Shuka mnazolalia hufuliwa na wanawake kwa maji yanayokata vidole. Mgeni adaiye shuka mpya kila asubuhi, na ile ya jana haina doa, hajui anadai mikono ya nani. Mtoto auzaye karoti na kabichi njiani pale Soni ametoka kwao kabla ya mapambazuko, pengine bila viatu. Msimpunguzie bei kwa mchezo. Na sweta lililombana mtoto wenu mwaka huu, msilirudishe pwani likaliwe na nondo. Liko bega linalolifaa huku.

Wala msiwasahau wenyeji wa nyumba yenu wenyewe. Tumeona baba aketi penye jua na simu yake mkononi, na mama anafua, anaosha watoto, anatafuta chakula, kama alivyofanya nyumbani, ila sasa kwa maji ya baridi. Huyo mama hakupumzika. Amehamishwa tu mahali pa kazi. Baba na akubali walau asubuhi moja kuwavika watoto na kuwanywesha uji, mama akae kitandani hata jua litoke. Na yule binti wa kazi, kama mmekuja naye, apate kitanda na blanketi kama ninyi, asilale sakafuni penye saruji.

Basi jamaa wote mnaokusudia kupanda mwaka huu, karibuni. Mtakula makande ya moto, mtakunywa chai iliyochumwa katika vilima vyetu hivi, watoto wataona pumzi zao zikitoka kama mvuke, nao watacheka. Katika nyumba nyingi za mijini hapana wakati ambapo wote huketi mahali pamoja, lakini baridi huwakusanya watu chini ya blanketi moja bila kuitwa. Hilo ndilo faida ya safari hii. Fungeni soksi za kutosha, na usiku ule wa kwanza, kabla hamjazima taa, mmoja wenu na atazame kama jiko liko nje.