Anda iendelee, ila ianze na maji

Kisiwa cha Ngazija, huko Komoro, hakina mto. Mvua ipo, tena upande wa magharibi wa mlima Karthala, wenye mita 2,361, inamwagika kwelikweli, lakini ardhi ni mawe ya volkano yaliyojaa matundu. Maji yakitua chini yamekwenda. Nyumbani kwa shangazi yangu, Itsandra, maji ni yale yaliyoteremka kutoka kwenye bati. Mvua ya kwanza huiacha ioshe vumbi, ndipo anaposogeza bomba kwenye mdomo wa birika la kuhifadhia maji. Mwaka 2005, Karthala ilipolipuka, majivu yaliangukia mabirika ya namna hiyo, na watu wakahangaikia maji ya kunywa.

Mkiwa na picha hiyo ya maji, sasa sikilizeni mabishano yetu sisi Wangazija wa Unguja kila harusi inapokaribia. Vijana wanataka anda, ile ndoa kubwa, ifutwe. Nawaelewa. Mtu hukusanya miaka na miaka, mara nyingi kwa kibarua cha Marseille, ili alete dhahabu, ng'ombe na mchele wa kulisha mji mzima. Asipoifunga, hata awe na mvi, barazani huhesabiwa mtoto. Akiifunga, huvaa joho na neno lake husikilizwa.

Lakini kuifuta kulishajaribiwa. Rais Ali Soilih alipotawala Komoro, kuanzia 1976, aliipiga vita. Alipopinduliwa mwaka 1978, ngoma zikarudi. Na mimi sitaki ife. Fedha zinazotozwa kwa anda zimejenga misikiti, shule na barabara vijijini. Nyumba anayofungiwa ndoa bibi harusi ni yake. Mume ndiye anayehamia, na binti ndiye atakayerithi. (Wanaume wenzangu wa pwani wanaojisifu kwa ustaarabu, hesabuni dada zenu wangapi wana nyumba kwa jina lao.)

Kinachonikera ni mpangilio wa matumizi. Mji unakula nyama wiki nzima, kisha mama anarudi kuchungulia birika lililobaki tope.

Wazee wa miji ndio wanaopanga nini kitolewe katika kila anda. Basi waweke sharti jipya: kabla ya dhahabu kupokewa, bwana harusi ajenge au akarabati birika la umma, lenye kifuniko kizito cha kuzuia majivu. Nasi tulioko Unguja, Dar es Salaam na Ufaransa, tukiombwa mchango wa harusi, tuulize kwanza birika limefika wapi.