Kasi Haipigi Simu Gizani
Mwandishi anayetaka nyaya zote za simu za shaba zing'olewe anahesabu kasi tu. Kwa kasi, faiba imeshinda. Hapo sina ubishi. Ila simu ya shaba ililishwa umeme na kituo chenyewe, volti 48 zenye betri nyuma yake, ndiyo maana ililia hata mtaa ukiwa gizani. Kile kisanduku cha faiba sebuleni kinategemea soketi yako: umeme ukikatika, vitaa vyake vinazimika na simu ya mezani inakufa navyo. Uingereza, inayopanga kuzima mtandao wake wa zamani wa simu Januari 2027, imewataka watoa huduma wawahakikishie wanaotegemea simu ya mezani angalau saa 1 ya kupiga simu ya dharura umeme ukikatika. Saa moja! Wenye kuzoea mgao wa umeme watacheka. Huyu msifu kasi atuambie kwanza: betri ya kukiwasha kisanduku hicho gizani atailipia nani?